Wapenda Usawa na Wapenda Uhuru Wakae Meza Moja



Liko swali ambalo halina budi kujibiwa katika matawi yetu ya Karagwe na Kyerwa, tangu Kayanga mpaka Murongo, na sisi tumeonelea si vema kulinyamazia. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa mtu anayeamini usawa wa binadamu na ushirika wa wakulima akae meza moja na mtu anayesema ya kuwa Serikali ikiliachia soko, kila jambo litanyoka lenyewe? Wako ndugu zetu wanaosema haifai hata kidogo. Wanatukumbusha ya kuwa fahali wawili hawakai zizi moja.

Sisi twasema yafaa, tena yapasa. Lakini iwe kwa jambo moja lililo wazi, kwa masharti yaliyoandikwa, na kwa muda uliopimwa. Na jambo hilo, katika wilaya hizi mbili, ni kahawa.

Kwanza tuwatambue watu tunaowazungumza. Wapo katika nchi yetu watu wa kambi mbili. Wa kwanza ni wapenda usawa. Hawa wanataka tajiri asimle maskini, shule na hospitali ziwe za wote, na mkulima asiachwe peke yake mbele ya mnunuzi mwenye fedha. Sisi wenyewe tumo katika kambi hiyo wala hatuoni haya kusema. Wa pili ni wapenda uhuru wa mtu. Hawa wanasema mali ya mtu ni ya mtu, na jasho lake ni lake. Asilazimishwe kumwuzia asiyemtaka, wala asikatwe kodi bila kuelezwa sababu. Katika mengi hatupatani nao. Wao wakiona kodi huona mkono mfukoni mwao; sisi tukiona kodi twaona dawa zahanatini. Hilo ni kweli, na hatulifichi.

Lakini sasa mtazameni mkulima mmoja wa Nkwenda au wa Nyakahanga aliyesimama katika kibanja chake, migomba juu na mibuni chini. Amepalilia, amechuma, ameanika kwenye turubai, amelinda mvua isimharibie. Gunia limejaa. Nani ana haki ya kusema gunia hilo litauzwa wapi, lini na kwa bei gani? Mpenda usawa akijibu kwa moyo safi atasema: mwenye jasho. Mpenda uhuru naye akiulizwa atasema: mwenye mali. Hayo ni majina mawili ya mtu mmoja! Basi, ikiwa jibu ni moja, ya nini kugombana mlangoni huku gunia linachukuliwa kwa nyuma?

Turudi kwenye historia, maana asiyejua alikotoka hajui aendako. Zamani za ukoloni wa Mwingereza, Karagwe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bukoba. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walisimama kupinga kanuni za kahawa walizowekewa na serikali ya kikoloni bila kuulizwa. Waliokuwa katika ubishi ule hawakuwa watu wa namna moja. Walikuwamo wakulima wa vibanja na wachuuzi wa kahawa, na walikuwamo watu waliosoma waliokuwa katika African Association. Mchuuzi alitaka biashara isibanwe; mkulima alitaka asiamriwe kama mtoto shambani mwake. Hawakuulizana kwanza kila mmoja anaamini nini juu ya kila jambo la dunia. Waliulizana juu ya kahawa tu.

Baadaye, mwaka 1950, ukaanzishwa Umoja wa ushirika wa Bukoba, kama vile Wachagga walivyokwisha kuanzisha KNCU mwaka 1933. Na Usukumani wakulima wa pamba, wakichoshwa na mizani ya wanunuzi, walijiunga wakajenga vyama vyao mpaka vikawa na shirikisho kubwa mwaka 1955. Nguvu ya vyama vile ilitoka kwa mwanachama aliyeingia kwa hiari yake, akijua ya kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Penye hiari pana nguvu.

Sasa tuseme ukweli unaouma, na tuanze na upande wetu wenyewe. Baada ya Uhuru, sisi wapenda usawa tuliupenda ushirika hata tukausonga pumzi. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi ya mazao ikapewa mamlaka za Serikali. Mkulima aliyekuwa mwenye chama akageuka kuwa mpeleka mzigo. Malipo yakachelewa, makato yakaongezeka, na kahawa ikajifunza njia ya usiku kuvuka mto Kagera kwenda Uganda. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, lakini chombo kilichokwisha kuvunjika hata kikiungwa huvuja. Tulitaka usawa tukasahau idhini ya mtu. Hilo ni kosa letu, na mtu asiyekiri kosa lake hafai kukaa meza ya maafikiano.

Nao wapenda uhuru wana kosa lao. Katika miaka ya 1990, biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, tuliambiwa sasa mkulima yu huru. Wengine walipata bei nzuri kweli, wala hatukatai. Lakini uhuru ule ulimkuta mkulima wengi wao hana akiba, hana ghala, hana habari za bei ya dunia. Mwezi wa ada ya shule ukifika, au mgonjwa akilala kitandani, mwenye fedha huja kibanjani na kununua kahawa ikiwa bado maua juu ya mti. Jambo hilo kila mtu wa Kagera analijua kwa jina lake: butura. Mkulima hupokea fedha kidogo leo, na siku ya kuvuna huchuma mali ya mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe. Je, huo ndio uhuru? Mtu aliyekubali kwa sababu ya njaa, amekubali au amekubalishwa? Ndugu zetu wa soko huria hawakutujibu swali hilo vizuri.

Kisha mwaka 2018 gurudumu likageuka tena. Serikali iliagiza kahawa yote ipitie katika vyama vya ushirika, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kununua vijijini. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kumwondoa mlanguzi na kuikata butura. Lakini malalamiko ya malipo kuchelewa yakasikika, na bei ya ng'ambo ya mto ilipokuwa nzuri kuliko ya huku, magunia yakavuka. Mtu aliyebeba kahawa yake mwenyewe, aliyoipanda kwa mkono wake, akaitwa mhalifu wa magendo.

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Katika miaka ya karibuni minada ya kahawa imesogezwa karibu na mkulima wa Kagera, wanunuzi wakashindana kwa uwazi, na bei ya robusta duniani ikapanda mpaka mwaka 2024 ikafikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Mkulima alifurahi na sisi tulifurahi. Lakini bei nzuri ni mgeni, na mgeni huaga. Siku bei itakaposhuka London, tatizo lile lile litakuwa limekaa barazani likitungoja: ni nani mwenye kauli juu ya gunia?

Basi tazameni jambo la ajabu. Kila kambi ilipopewa nchi peke yake, ilimuumiza mkulima kwa upande wake. Usawa bila hiari ulimpa mkulima msimamizi. Uhuru bila umoja ulimpa mdai. Na dawa ya kosa la kila mmoja iko mfukoni mwa mwenzake. Ndiyo maana twasema wakae meza moja. Si suala la kupendana. Ni kwamba kila mmoja amekwisha kushindwa alipokwenda peke yake.

Na meza yenyewe ipo. Meza hiyo ni ushirika wa kweli. Wafumaji wa Rochdale huko Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, hawakuwa watumishi wa serikali. Walikuwa maskini waliochangishana shilingi zao. Na leo vyama vya ushirika duniani kote vina kanuni saba, zilizothibitishwa mwaka 1995. Ya kwanza ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote. Mpenda uhuru atakosa nini hapo? Ya pili ni utawala wa wanachama, kila mtu kura moja, awe na mibuni elfu au mibuni kumi. Mpenda usawa atakosa nini hapo? Ya nne ni kujitegemea na kuwa huru, maana yake chama kisiwe mkia wa serikali wala wa tajiri. Hapo wote wawili wanasimama pamoja! Aliyebuni ushirika alikwisha kutupatanisha kabla hatujazaliwa. Sisi ndio tuliotengana.

Karagwe ina chama kikuu chake, KDCU, tangu mwaka 1990, na chini yake vyama vya msingi vijijini. Kyerwa ilifanywa wilaya yake mwaka 2012, lakini kahawa haikugawanyika. Mkulima wa Isingiro na mkulima wa Bugene shida yao ni moja. Tena Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ipo. Si lazima tujenge nyumba mpya. Twahitaji kumrudishia mwenye nyumba ufunguo wake.

Sasa tutaje mambo ambayo kambi hizi mbili zaweza kuyatia sahihi bila mtu kuisaliti imani yake.

La kwanza: uanachama wa chama cha msingi uwe wa hiari kweli. Chama kizuri kitajaza watu kwa malipo yake mazuri, si kwa askari wa kizuizini barabarani.

La pili: viongozi wa chama wachaguliwe na wanachama, waondolewe na wanachama. Na hesabu zisomwe mbele ya mkutano kwa lugha inayosikika, kilo ngapi ziliingia, zikauzwa bei gani, zikakatwa nini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

La tatu: kila senti inayokatwa iandikwe katika stakabadhi ya mkulima, na jina la anayeichukua. Mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 mpaka 3. Vema. Lakini mkulima ataijuaje nafuu hiyo ikiwa haijaandikwa katika karatasi aliyoshika mkononi?

La nne: mlango wa kuuzia usiwe mmoja. Anayeuza kwa chama auze kwa chama. Wakulima wanaojiunga kikundi na kukusanya kahawa yao waruhusiwe kuifikisha mnadani kwa jina lao. Mnunuzi binafsi aje hadharani mnadani, ashindane na wenzake mchana kweupe. Ushindani wa mchana hauna neno. Twaogopa ule wa usiku chini ya migomba.

La tano: mbeba gunia asifungwe kabla ya kuulizwa kwa nini amevuka mto. Tuliona wenyewe ya kuwa bei ikiwa nzuri huku, kahawa hulala huku. Magendo ni kipimo cha bei yetu, kama vile homa ni kipimo cha ugonjwa. Mwenye akili hampigi mgonjwa kwa sababu ana homa.

Hapo ndugu mmoja atasimama aseme: Na butura je? Maana hapo ndipo hasa tunapotengana. Mpenda usawa anataka ipigwe marufuku. Mpenda uhuru anasema ni mapatano ya watu wawili wazima, serikali ikae kando. Sisi tumelitafakari jambo hili, na twaona marufuku haikuwahi kuiua butura. Iliificha tu, na fedha iliyofichwa riba yake huzidi. Anayeuza maua ya kahawa hafanyi hivyo kwa upumbavu. Anafanya hivyo kwa kuwa hakuna mlango mwingine wa kukopa mwezi ule. Basi tufungue mlango mwingine. Wanachama wajiwekee akiba na kukopeshana wenyewe, na ghala la chama liwe la kuaminika, ili mwenye gunia ghalani aweze kukopa kwa karatasi ya gunia lake. Sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu mwaka 2005. Mkopo nafuu utafanya kazi iliyowashinda polisi. Mpenda uhuru ataridhika kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa. Mpenda usawa ataridhika kwa kuwa mnyonge ameokoka.

Yako mambo ambayo hatutapatana nayo, na tuyaseme mapema ili asiwepo wa kusema alidanganywa. Hatupatani juu ya ruzuku ya mbolea: sisi twaitaka iendelee, wao wanaona ni mzigo wa hazina. Hatupatani juu ya shule na hospitali: sisi twasema ni deni la taifa kwa kila mtoto. Hatupatani juu ya mipaka ya utajiri wa mtu mmoja. Mambo hayo tutayashindania kwa kura, kila mtu chini ya bendera yake. Mtu akija mezani na kutuomba tuuze shule ili tupate mnada, ataondoka mikono mitupu.

Maana mapatano mabaya tumeyaona. Jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya mto tu, mwaka 1962 chama cha UPC cha Milton Obote kiliungana na Kabaka Yekka, chama cha watu wa Mengo. Mmoja alitaka serikali yenye nguvu kwa nchi nzima, mwingine alitaka ufalme wake usiguswe. Hawakuafikiana juu ya jambo lolote ila juu ya nani akae wapi: Obote akawa Waziri Mkuu, na mwaka 1963 Kabaka akawa Rais. Mwaka 1964 ilipokuja kura ya wilaya zilizogombaniwa baina ya Buganda na Bunyoro, mapatano yakafa. Na mwezi Mei 1966 majeshi yakashambulia jumba la Mengo. Huo ndio mwisho wa urafiki uliojengwa juu ya viti.

Na kwetu? Mwaka 2014 katika Bunge Maalumu la Katiba, vyama visivyofanana viliungana kwa jina la UKAWA. Alikuwamo CUF, mwanachama wa umoja wa vyama vya kiliberali duniani, na walikuwamo wengine wenye mielekeo yao. Kilichowaleta pamoja kilikuwa jambo moja: rasimu ya Katiba iliyotokana na maoni ya wananchi isibadilishwe. Hapo walikuwa na nguvu, na kila mtu alielewa wanataka nini. Mwaka 2015 mapatano yakahama kutoka kwenye jambo kwenda kwenye viti, nani agombee wapi, nani awe mgombea Urais. Profesa Lipumba akaacha uenyekiti wa CUF, baadaye CUF yenyewe ikagawanyika, na UKAWA ikapotea kama umande wa asubuhi.

Mfano wa namna nyingine ni mwaka 2019, Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walipotoka CUF na kuingia ACT-Wazalendo, chama kilichotangaza siasa ya ujamaa huko Tabora mwaka 2015. Walikutanishwa na haki ya kura na heshima ya Zanzibar kuliko hoja ya kodi na soko. Mtu aweza kuwapenda au asiwapende, lakini fundisho liko wazi: watu wa mawazo tofauti hushikana pale jambo linalowaunganisha ni zito kuliko vyeo.

Hata TANU yenyewe, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa mkusanyiko wa wachuuzi, makarani, madereva, wakulima na akina mama. Waliafikiana juu ya Uhuru. Lakini hawakuwa wameafikiana watafanyaje Uhuru ukisha kupatikana, na mwaka 1964 shirikisho la wafanyakazi lililokuwa limetembea nao lilivunjwa, likawekwa jingine chini ya Serikali. Mwenye nguvu alimmeza mwenzake wa safari. Tulikumbuke hilo, sisi tulio wengi, tusije tukawatendea wenzetu vivyo hivyo.

Kwa hiyo masharti yetu ni manne. Mapatano yaandikwe na kubandikwa ukutani katika ofisi ya kila kata, asiwepo wa kusema hakuyaona. Yawe juu ya kahawa tu. Yawe na mwisho: misimu miwili ya mavuno, kisha mkutano wa wakulima wayapime, yaendelee au yafe. Na asiwepo mtu atakayepewa cheo kwa sababu ya mapatano haya, si wa kwetu wala wa kwao. Penye cheo kahawa husahauliwa.

Ndugu zetu wa matawi, twajua si rahisi. Kumsalimu mtu uliyebishana naye miaka kumi kwataka moyo. Lakini kumbukeni ni nani anayengoja nje ya mlango. Ni mama wa Mabira mwenye watoto watatu shuleni na mibuni iliyochanua, na mwenye fedha za butura amekwisha kupita kwake mara mbili. Yeye haulizi ninyi ni watu wa usawa au watu wa uhuru. Anauliza kama kahawa yake mwaka huu itakuwa yake.

Nendeni mkamjibu. Itisheni mkutano kabla ya mavuno, waiteni na wale msiopatana nao, wekeni daftari mezani, na muanze na jambo la kwanza.

KAHAWA YA MKULIMA, IDHINI YA MKULIMA!